Maji ya Jicho Yanatoa Ushuhuda

JAMAA NA AFYA



Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja unaoingia nyumbani bila kupiga hodi. Mara nyingi hauumi. Haufanyi jicho kuwa jekundu. Hautoi machozi wala usaha. Kwa Kifaransa wanauita glokome. Wauguzi wetu wengi wanasemaka tansio ya macho, na ndugu zetu wa Tanzania wanasema presha ya macho. Ni ugonjwa unaokula macho polepole, na kile kilichokwisha kuliwa hakirudi, hata kwa operesheni.

Mara nyingi mambo yanaendaka hivi. Baba wa nyumba, mtu wa miaka 50 hivi, anaanza kugonga mlango kwa bega. Anakanyaga sahani ya mtoto iliyo kando yake. Jamaa wanacheka na kusema, “Baba amezeeka.” Miaka miwili inapita. Siku moja vumbi linaingia katika jicho moja, analiziba kwa mkono ili alipanguse, na mara anatambua kwamba jicho lile lingine halioni kitu. “Lakini jana nilikuwa ninaona!” Hapo ndipo maneno yanaanza. Nani alimfanya hivi? Wanakumbuka shamba aliloligombania na ndugu yake. Wanakumbuka koltani ambayo hawakugawana vizuri. Wanamkumbuka bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi, jirani wa nyumba ya tatu. Mtu mmoja anakwenda kwa mfumu usiku. Kesho yake bibi anafukuzwa, pengine anapigwa.

Hesabuni hasara, wapendwa. Baba bado ni kipofu. Bibi hana nyumba. Na mdogo wake baba, ambaye ugonjwa ule ule umekwisha kuanza ndani ya macho yake, hakuna aliyemwambia aende kupimwa. Watu watatu wamepotea juu ya jambo moja.

Wanafunzi wa Yesu nao walikuwa na mawazo kama hayo. Katika Yohana 9 walimwona kipofu njiani, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa majibu yote mawili, kisha akamshughulikia mgonjwa. Huo ndio utaratibu wetu sisi wakristo: tuache kutafuta wa kushitaki, tumshughulikie mgonjwa.

*Mwavi uliogeuka dawa*

Wazee wetu wanajua maana ya mwavi: mshitakiwa wa uchawi ananyweshwa sumu, akitapika ni mwema, akikufa ni mchawi. Kule Calabar, katika Nigeria ya leo, waliutengeneza kwa mbegu ya mmea unaopanda kando ya mito. Watu wengi wasio na kosa walikufa kwa mbegu hiyo. Katika karne ya 19 mbegu zilifika Scotland, na wataalamu wakaanza kuzichunguza. Mwaka 1863 daktari wa macho wa Edinburgh, Douglas Argyll Robertson, alionyesha kwamba tone la dawa ya mbegu ile linafanya mboni ya jicho kuwa ndogo. Mwaka 1876 daktari Ludwig Laqueur wa mji wa Strasbourg, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na glokome, alitumia dawa ya mbegu ile kushusha presha ya jicho. Ikawa mojawapo ya dawa za kwanza za matone kwa ugonjwa huu.

Fikirini jambo hilo. Mbegu moja. Katika mikono ya hukumu iliua wasio na kosa. Katika mikono ya uchunguzi ilisaidia wenye kupoteza macho. Tofauti haikuwa katika mbegu. Tofauti ilikuwa katika swali ambalo watu waliuliza. Mmoja aliuliza, “Nani?” Mwingine aliuliza, “Kitu gani kinatendeka ndani ya jicho?”

*Kitu gani kinatendeka*

Vijana wa machimbo watanielewa upesi. Shimo likifika chini, maji yanaingia bila kupumzika. Motopompe inayatoa. Mpira wa kutolea ukizibwa na matope, maji yanaendelea kuingia lakini hayatoki, basi yanapanda.

Jicho nalo liko vile. Nyuma ya lile duara lenye rangi kuna sehemu inayotengeneza maji safi mchana na usiku. Haya siyo machozi. Machozi yako nje; maji haya yako ndani, mbele ya jicho, na kazi yake ni kulisha sehemu zisizo na mishipa ya damu na kushika umbo la jicho. Ni machache sana: kijiko kimoja cha chai kingetosha kujaza macho karibu 20. Lakini yanabadilika upya kila saa moja na nusu au mbili hivi. Yanatoka kwa chujio dogo lililo pembeni, pale ambapo weupe wa jicho unakutana na kioo cha mbele. Chujio likiwa gumu au likizibika, maji yanabanwa, presha inapanda, na mshipa ulio nyuma ya jicho unaumia.

Mshipa ule una nyuzi zaidi ya 1.000.000, unapeleka picha mpaka katika ubongo. Nyuzi zinakufa kidogo kidogo, na kwa kawaida zinaanza zile za pembeni. Mtu anabaki anaona mbele tu, kama aliye ndani ya shimo na anatazama mlangoni: kuna duara la mwanga, na pande zote ni giza. Juu ya jicho moja kusaidia lingine, hajui. Siku anapojua, nyuzi nyingi zimekwisha kufa.

*Ushuhuda ulio ndani ya tone*

Mwenye kununua madini hanunui kwa macho tu. Anachukua kidogo, anapima, anajua kuna koltani safi kiasi gani ndani ya mfuko. Watafiti wa macho wanafanya namna hiyo. Mgonjwa anapolala kwa operesheni ya glokome, daktari akiwa na ruhusa yake anavuta kwa sindano nyembamba sana tone moja au mawili ya yale maji ya ndani. Anavuta vilevile kwa mtu anayepasuliwa katarakte ambaye hana glokome. Kisha labo inalinganisha maji haya na yale.

Wamekuta nini? Katika maji ya wenye glokome ya kawaida, mara nyingi kuna protini inayoitwa TGF-beta 2 kwa wingi kupita kiasi. Protini hii inaamuru seli zitengeneze nyuzi nyingi, na chujio linakuwa nene na gumu. Wamekuta pia endotelini, kitu kinachokaza mishipa ya damu, kikiwa kimepanda. Wamekuta kwamba nguvu ya maji yale ya kupigana na kutu ya mwili imepungua. Maana mwili nao unashikwa na kutu ya namna yake, kama chepeo iliyoachwa mvuani. Na mwaka 2019 watafiti wa Angers, katika Ufaransa, walitangaza kwamba vitu viwili, taurini na spermini, vilikuwa pungufu katika maji ya wagonjwa.

Sikilizeni basi maji ya jicho yanashuhudia nini. Hayamtaji mama-mkwe. Hayamtaji jirani. Yanasema kwamba chujio limekuwa gumu na kwamba seli zimechoka. Ugonjwa una njia yake ndani ya mwili, na njia hiyo inaweza kufuatwa kwa kipimo.

Lakini niseme kweli yote, vijana wasije wakadanganywa na muuzaji. Mpaka sasa alama hizi za kikemia ni kazi ya watafiti. Haziko bado kipimo cha kila siku cha hospitali. Hakuna mtu wa kuchomwa jicho ili atafutiwe TGF-beta, na hakuna dawa ya sokoni inayosafisha maji ya jicho. Mtu akikuuzia chupa kwa maneno hayo, shika pesa yako.

*Mashahidi watatu*

Torati, katika Kumbukumbu la Torati 19, haikukubali mtu ahukumiwe kwa shahidi mmoja. Ilitaka wawili au watatu. Madaktari wa macho nao wana mashahidi watatu, na wote wanapatikana bila kuchoma sindano.

Wa kwanza ni presha ya jicho. Wanaipima kwa kifaa kidogo. Kile kilichotengenezwa na Hjalmar Schiøtz wa Norvege mwaka 1905 hakihitaji umeme: unatiwa tone la kufisha ganzi, unalala chali, kifaa kinawekwa juu ya jicho kwa dakika kidogo. Kwa watu wengi wazima presha iko kati ya 10 na 21.

Wa pili ni mshipa wenyewe. Muganga anatazama kwa taa yake kupitia mboni mpaka nyuma. Katika glokome, kichwa cha mshipa kinachimbika katikati kama kikombe. Shahidi huyu ni wa lazima, sababu wako watu wenye presha ya kawaida na mshipa wao unakufa hata hivyo.

Wa tatu ni upana wa kuona. Kuna mashine ya kazi hiyo. Lakini hata mforomo wa kituo cha afya anaweza kuanza: anakaa mbele yako, unaziba jicho moja, unamtazama puani, naye anasogeza kidole kutoka pembeni mpaka useme “ninakiona.” Njia hii inakamata ugonjwa uliokwisha kwenda mbali tu. Kwa hiyo ukifaulu jaribio hilo usiseme, “Mimi ni mzima kabisa.”

*Chupa ndogo ya farmasi*

Sasa nafika pahali panapotugusa sisi wa sehemu za machimbo, kuanzia Rubaya mpaka Bisie, na hapa Pinga katikati. Vumbi la jiwe linaingia machoni kila siku. Watoto wengi nao wanashikwa na macho ya kuwasha, wanayasugua mpaka yanakuwa ya rangi ya udongo. Baba anakwenda farmasi, anasema tu, “Nipe dawa ya macho.” Anapewa chupa yenye deksametazone, jamii ya kortizone. Siku mbili, jicho ni jeupe, halikuni tena. Anafurahi. Mwezi unaofuata ananunua nyingine, na nyingine, mwaka mzima.

Kortizone ni dawa ya kweli, na muganga anaitumia kwa siku zilizohesabiwa. Lakini ikitumiwa majuma mengi, karibu mtu 1 kati ya 3 presha ya jicho lake inapanda, na kwa wachache inapanda sana. Inapanda kimya, wakati jicho kwa nje linapendeza. Nimesema juu ya watoto kwa sababu hiyo: mtoto anaweza kupoteza macho kwa dawa aliyonunuliwa kwa upendo.

Wataalamu waliweka dawa ya namna hiyo kwa seli za chujio la jicho, wakaona zinatoa kwa wingi protini ambayo leo inaitwa miosilini. Protini hii inapatikana pia katika maji ya jicho. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba jamaa nyingine zina kasoro katika jeni ya miosilini, na kwa jamaa hizo glokome inashika hata vijana. Basi ugonjwa huu unaweza kupita katika damu ya ukoo bila laana yoyote, kama vile urefu wa mtu au umbo la pua linavyopita. Na aliye na glokome katika ukoo wake aogope kortizone ya matone zaidi kuliko wengine.

Someni karatasi ya dawa. Mkiona neno deksametazone, betametazone au prednizolone, ulizeni muganga: “Nitatumia siku ngapi? Nani atapima presha?” Kama umekwisha kuitumia muda mrefu, usibaki nyumbani na woga, nenda na chupa yako mkononi uonyeshe.

Neno moja tena kwa wachimbaji. Kipande cha jiwe kikikupiga jicho kwa nguvu, hata kama kesho unaona vizuri, lile chujio linaweza kuwa limepasuka. Presha inaweza kupanda baada ya miezi, hata miaka. Jicho lililopigwa ni la kupimwa, na kupimwa tena.

*Kongwa na Moshi*

Pengine msomaji anasema, “Huu ni ugonjwa wa wazungu.” Hapana. Katika vijiji vya Kongwa, katikati ya Tanzania, watafiti walipima watu wazima zaidi ya 3.000 wenye miaka 40 na kupita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: karibu 4 kati ya kila 100 walikuwa na glokome. Ni wakulima na wafugaji kama sisi. Hesabuni watu wa miaka 40 na zaidi wanaokaa katika viti vya kanisa lenu siku ya Mungu, kisha fikirini.

Na msaada upo. Kule Moshi, katika hospitali ya kikristo ya KCMC chini ya Kilimanjaro, walilinganisha njia mbili kwa wagonjwa 201. Kundi moja lilipewa matone ya timololi. Lingine lilitibiwa chujio kwa mwanga wa laza, kazi ya dakika chache bila kisu. Walitangaza mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, laza ilifaulu kwa macho 61 katika 100, na matone kwa macho 31 katika 100. Laza haiko karibu nasi. Lakini hesabu ile inatufundisha jambo moja hata sisi wa matone: kupewa chupa siyo mwisho wa safari. Lazima urudi, presha ipimwe tena, na kama haikushuka, muganga abadilishe njia. Iko pia operesheni inayofungulia maji mlango mwingine. Operesheni ile hairudishi nuru iliyokwisha kwenda. Inalinda ile iliyobaki.

Aliyepewa matone ya timololi asiyaache kwa sababu “sioni tofauti.” Dawa hii haiongezi kuona, inazuia hasara. Tia tone moja, funga jicho, bonyeza pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Na mwenye pumu aseme kabla hajapewa, sababu timololi inaweza kumfunga pumzi.

*Kazi ya jamaa na ya kanisa*

Kwanza, mkiwa na kipofu katika ukoo, msiulize nani alimloga. Ulizeni muganga jina la ugonjwa. Kama ni glokome, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wakubwa wapimwe. Hatari yao ni kubwa kuliko ya jirani.

Pili, kila mtu wa miaka 40 atafute kupimwa hata kama anaona vizuri. Ninajua Goma iko mbali, zaidi ya kilomita 100, na barabara yetu mnaijua: mara matope, mara bunduki. Kwa hiyo safari isipotezwe bure. Ukishuka mjini kwa biashara au kwa matanga, tia na macho katika hesabu ya safari. Na timu ya macho ikifika hospitali ya Pinga au karibu, mashemasi watangaze kanisani, waandike majina ya wenye vipofu katika ukoo wao, hao watangulie.

Tatu, chama cha wamama na chama cha vijana mnaochanga kwa arusi na kwa kilio, changeni pia kwa macho. Mfuko mdogo wa nauli unaweza kumwachia baba wa watoto sita macho ya miaka 20 mbele.

Nne, mtu akishitakiwa uchawi juu ya macho ya mwingine, wazee wa kanisa wasimame mlangoni kwake siku ile ile, wasingoje kesho. Isaka alipoteza macho uzeeni, na kuhani Eli vilevile. Maandiko hayakumtafuta mchawi kwa ajili yao. Sisi tumepata wapi ruhusa?

Tuombee wagonjwa, ndiyo, tena kwa imani. Lakini maombi hayakatazi kipimo. Tuombe tukiwa njiani kwenda kupimwa.

*Maswali ya kuzungumza nyumbani*

1. Katika ukoo wetu nani alikuwa kipofu au nusu kipofu? Tulisema sababu ni nini, na je, kuna muganga aliyemtazama macho?

2. Tuleteni hapa mezani kila chupa ya dawa ya macho iliyo nyumbani. Nani aliiandika, na kwa siku ngapi?

3. Kuna mtu katika mtaa wetu aliyefukuzwa juu ya ugonjwa wa mwingine? Yuko wapi leo, na sisi tutamfanyia nini?

Bwana awalinde, na awalindie macho.

Mchungaji wenu